Magazini Arobaini za Verlin Stambaugh

Kuna watu wanaonunua farasi kwanza, kisha ndipo wakatafuta hatamu. Verlin Stambaugh alinunua hatamu arobaini, akakaa nazo miaka kumi na mitatu bila farasi, halafu akaona njia pekee iliyobaki ni kumtengeneza farasi mwenyewe.

Hatamu hizo zilikuwa magazini, vile vikasha vyembamba vya chuma vinavyojazwa risasi na kuchomekwa chini ya bunduki. Alizikuta siku ya maonyesho ya silaha, katika lile jengo la uwanja wa wilaya ambako mwezi Agosti huonyeshwa nguruwe na maboga. Zilikuwa zimelala ndani ya sanduku la mbao lenye maandishi ya nchi ya mbali. Polisi wa nchi hiyo walikuwa wamebadilisha silaha, kisha sare, kisha bendera, na mwishowe jina la nchi yenyewe. Bunduki za magazini zile zilikwisha kuyeyushwa zamani, na hakuna mtu katika Indiana nzima aliyekuwa na kitu cha kuzichomeka. Ndiyo maana zilikuwa rahisi. Na kwa wanaume wa Pell Creek, kitu rahisi kilichoachwa juu ya meza ni aibu ya kudumu, kwa sababu lazima atapita mwingine akichukue.

"Chukua, bwana," rafiki yake Orrin Teague alimwambia siku ile. "Bunduki zipo kila mahali. Magazini ndizo zinazopotea."

Ulikuwa ushauri wa kipumbavu, nao ulifuatwa papo hapo. Verlin alirudi ndani kutafuta kofia yake aliyoisahau, Orrin akabeba sanduku hadi kwenye maegesho, na jioni hiyo sanduku likapanda kwenye rafu ya juu ya gereji, kati ya taa za Krismasi na hema ambalo watoto walikuwa wamelikataa.

Verlin alikuwa fundi wa kalibu. Kwa miaka thelathini na minane alichonga vyuma ambavyo viwandani hutumika kuzaa vyuma vingine, na alijua kwa ncha ya kidole tofauti ambayo wengine huhitaji hadubini kuiona. Kiwanda kilipohamishiwa kwingine, yeye hakuhamishwa. Walimpa saa ya ukutani yenye jina lake, na jina hilo lilikosewa herufi moja. Kiwanda kilichoishi kwa vipimo kikamuaga kwa kosa la kupima. Aliitundika gereji, juu ya jiliwa la kubania vyuma, bila kinyongo wala tabasamu.

Ilikuwa chini ya saa hiyo ndipo Orrin alipoanza kuja kila asubuhi saa nne. Orrin alikuwa dereva wa gari la kusukuma theluji la wilaya, amestaafu, mjane, mnene, na mwenye mdomo usiokuwa na breki. Alikuja na mfuko wa donati za kituo cha mafuta, akaketi kwenye kiti cha shule kilichoegemezwa ukutani, akaanza kutukana chochote kilichokuwa juu ya benchi. Verlin alifanya kazi, Orrin aliongea. Mpango huo uliwafaa wote wawili, na hakuna aliyewahi kuuita kwa jina lake.

Lakini mtu hawezi kuketi gereji kila siku bila sababu, watu wangeuliza. Ndipo Verlin alipoteremsha sanduku.

Alisema atajenga bunduki fupi ya begani inayotumia risasi za bastola, nyepesi, isiyo na kishindo kikubwa, ya kupigia sahani za chuma pale kwenye klabu ya walenga shabaha. Kile kipande chenye namba, ambacho sheria hukihesabu kuwa ndicho bunduki, alikinunua dukani kwa fomu na kitambulisho. Mtutu akaagiza. Kitako akakichonga kutoka kwenye mti wa jozi ulioangushwa na upepo nyuma ya kanisa. Sehemu iliyobaki, ile ambayo hakuna duka lingeuza, ilikuwa tundu la kupokea magazini za nchi isiyokuwepo tena. Orrin aliliita koo.

"Koo linaendeleaje?" angeuliza kila asubuhi, kama daktari.

"Linaendelea."

"Mzee, Mungu aliumba dunia kwa siku sita. Wewe una mwaka wa nne kwenye koo."

"Yeye hakulazimika kuifanya iingiliane na magazini."

Kiwandani kulikuwa na desturi. Kabla ya kuchonga chochote, fundi huchagua kipande kimoja kuwa kielelezo, akakipima pande zote, na vingine vyote vikafuata. Verlin alichukua magazini ya juu kabisa ndani ya sanduku, akaigongea namba 1, akaipima siku tatu. Kutokana nayo akachonga koo, akilipaka wino, akiichomeka, akiitoa, akikwangua kwa tupa pale wino ulipoguswa, mpaka magazini ikawa inateleza ndani na kujifunga kwa mlio mdogo, mtamu, kama mlango wa gari la kifahari. Kisha, majira ya baridi baada ya majira ya baridi, alichukua zile thelathini na tisa moja moja, akakata ubavuni mwa kila moja pengo dogo la kushikwa na ndoano ya bunduki, akaigongea namba, akaipaka mafuta, akaifunga kwa karatasi laini. Hakuijaribu hata moja. Kwa nini aijaribu? Pengo lilikuwa sawa na la kielelezo, na kielelezo kiliingia.

Miaka sita ikapita hivyo. Verlin hakuwa na haraka, na hili ndilo jambo ambalo Ardith, mkewe, alilielewa mapema kuliko wote. "Siku atakayoimaliza," alimwambia dada yake kwenye simu, "sijui nitawaweka wapi wale wawili."

Mwezi Machi, Orrin alikuja na donati zake, akala mbili kimya. Kimya cha Orrin kilikuwa kitu cha kutisha. Verlin aliweka tupa chini.

"Loretta anataka nikaishi kwake," Orrin akasema. Loretta alikuwa binti yake, Arizona. "Daktari wa macho amesema nisiendeshe tena. Nitakuwa na chumba changu. Kuna bwawa la kuogelea. Mimi na bwawa wapi na wapi, niambie."

"Lini?"

"Jumapili ya mwisho ya Mei."

Verlin alitazama koo. Alitaka kusema jambo, na jambo lilikuja hadi kwenye meno likageuka kuwa jingine. "Itakuwa tayari," alisema. "Jumamosi kabla hujaondoka kuna shindano la sahani. Risasi ya kwanza utaipiga wewe."

"Mimi? Sioni hata donati."

"Utaipiga wewe."

"Haya, bwana mkubwa. Nitaipiga mimi." Orrin akapangusa sukari kwenye suruali kwa muda mrefu kuliko sukari ilivyohitaji.

Kwa hiyo Verlin, aliyekuwa ameburuta miguu miaka sita, sasa akakimbia. Alipunguza usingizi, akaacha kukata nyasi, akakosa kifungua kinywa cha chapati za maji kanisani mara mbili mfululizo, mpaka mchungaji akapiga simu kuuliza kama ni mgonjwa. Na Jumanne ya wiki ile ya mwisho, mchana, akaipangusa bunduki kwa kitambaa, akaiweka juu ya benchi, akamwita Ardith aje aone.

Ilikuwa nzuri. Kila kiungo kilikutana na mwenzake bila mwanga kupita katikati. Verlin aliichomeka magazini namba 1, tupu. Mlio mtamu ukasikika. Akaitoa, akaichomeka tena.

"Hongera, mume wangu," Ardith alisema, na alimaanisha. Kisha, kwa adabu tu, kama mtu anavyouliza habari za wajukuu wa jirani, akaongeza, "Na zile nyingine?"

Verlin akaifungua namba 2. Iliingia nusu, ikakwama.

Namba 3 ilikwama. Namba 4 ikakwama palepale. Aliendelea mpaka ya arobaini, bila kubadilisha uso, karatasi laini zikijaa sakafuni kama maganda. Ardith alisimama pale muda wote. Alijua kwamba kuondoka kungekuwa ukatili, na kusema neno kungezidi.

Ndipo alipoilaza namba 1 juu ya bamba la kupimia, jiwe jeusi lililonyooka kuliko kitu chochote katika wilaya ile, na kuisukuma kwa kidole. Ilitikisika. Ilikuwa imepinda kidogo kwenye kona ya nyuma, kama mtu aliyelala vibaya akaamka na shingo iliyokakamaa. Jicho lisingeiona. Kati ya magazini arobaini, thelathini na tisa zilinyooka, na yeye, mtu wa miaka thelathini na minane kiwandani, alikuwa ameifanya ile moja yenye kilema kuwa mama wa zote. Hata mwanagenzi wa wiki ya kwanza hufundishwa kupima tano kabla ya kuamini moja. Lakini ile ilikuwa juu, na ilikuwa imekaa vizuri mkononi.

"Unaweza kutengeneza koo jingine?" Ardith aliuliza.

"Miezi mitatu."

Siku zilizobaki zilikuwa nne.

Jumatano saa nne Orrin aliingia, akaona karatasi, akaona uso. Verlin alimweleza kwa maneno yasiyozidi kumi na tano. Orrin aliichukua namba 1, akaisogeza karibu na jicho lake lililobaki na nuru, akaigeuza, akairudisha mezani taratibu mno.

"Basi tutumie hiyo hiyo moja," alisema.

"Nadine hataki." Nadine Kopecky alikuwa msimamizi wa mstari wa kupigia risasi pale klabuni, mwanamke aliyewahi kumfukuza mchungaji mstarini kwa kosa la kugeuka na bunduki mkononi. Shindano lilikuwa la mizunguko mitano, na kila mpigaji alitakiwa kufika mstarini na magazini tano zilizokwisha jazwa. Hakuna kujaza watu wakisubiri.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo koo siwezi kulinyoosha. Nitazipinda magazini."

Orrin alimtazama. "Uharibu nzima zifanane na mbovu."

"Ndiyo."

"Kama mkutano wa chama, basi." Akavua koti. "Lete nyundo."

Wakaanza. Verlin aliziminya kwenye jiliwa kati ya vipande viwili vya mbao, akapima, akalegeza, akapima tena. Ya kwanza ilimchukua saa nzima na haikuingia. Orrin akasukuma kiti chake mpaka benchi, akachukua namba 3, akailaza ukingoni mwa kigogo, akaigeuza kidogo kushoto, na kwa nyundo ya mbao akaipiga pigo moja kwenye kona ya nyuma. Akamkabidhi Verlin. Verlin akaichomeka.

Mlio mtamu.

Akachukua namba 4. Pigo moja. Mlio.

Verlin aliitoa namba 4, akaitazama kona yake chini ya saa yenye jina lililokosewa.

"Orrin."

"Naam."

"Hujaniuliza ni kona gani."

Orrin aliiweka nyundo juu ya goti. Kwa mara ya pili katika miaka yote ile, mdomo wake ulikuwa na breki.

"Ulikwenda kutafuta kofia," alisema mwishowe. "Mimi nikaweka sanduku chini nifungue pikapu. Moja ikadondoka. Sikuiona. Nikarudi nyuma kidogo nilisogeze gari karibu..."

"Ukaikanyaga."

"Tairi lilipanda kidogo tu. Nikainyoosha kwa shoka, upande wa mpini, pale pale juu ya bampa. Nikaona imenyooka. Nikaiweka juu, ili ukikuta kasoro uione mapema uniulize, mimi nikiri, mambo yaishe."

"Sikukuta kasoro."

"Hukukuta kasoro! Miaka kumi na tisa, Verlin! Nilikaa kwenye kiti hiki nikikuona unaipima siku tatu nzima, nikasema moyoni, ah, fundi mkubwa, ameipima, basi itakuwa nzima. Nikakuamini wewe."

"Na mimi niliamini magazini."

Wakatazamana. Mtu mwingine angekasirika, na Verlin alijitafuta ndani kama kuna hasira, akakuta kitu kingine hapo, kizito na chenye joto, ambacho hakukifahamu vizuri na hakutaka kukipima.

"Ile pikapu ya kijani?" aliuliza.

"Ya kijani."

"Ilikuwa na matairi mapana ile."

"Ndiyo maana ilipinda kidogo tu," Orrin alisema, na hapo wakaanza kucheka, wazee wawili na sanduku la vyuma, mpaka Ardith akaja mlangoni na mwiko mkononi kuangalia nani amekufa.

Mchana Orrin alihesabu zilizokwisha. "Hizi tano zinatosha, bwana. Tumemaliza."

"Zimebaki thelathini na tano."

"Tunahitaji tano tu."

"Zimebaki thelathini na tano," Verlin alirudia, bila kuinua kichwa.

Orrin akachukua namba 6. Walipinda magazini Jumatano yote, na Alhamisi, na Ijumaa hadi wakati wa chakula. Ardith aliwaletea sandwichi za nyama ya kusaga ya jana na pai ya rubabi, ile mboga chachu. Hakuna aliyetaja Arizona. Walizungumza kuhusu springi za magazini, na unyevu, na yule mkurugenzi wa barabara aliyelaza gari la theluji mtaroni mwaka ule wa dhoruba. Ijumaa Orrin alianza kupiga polepole zaidi. Alikuwa akigeuza kila magazini mara tatu kabla ya pigo, kazi aliyokuwa akiifanya kwa mgeuko mmoja Jumatano, na Verlin, aliyeona tofauti za sehemu ya elfu ya inchi, hakuona jambo hilo.

Jumamosi kulikuwa na jua na upepo mwepesi, na wanaume wa klabu walijipanga nyuma ya kamba na vifuniko vya masikio shingoni. Nadine aliikagua bunduki, akaikagua tena kwa sababu aliipenda. "Mpigaji?"

"Mimi, mama," Orrin alisema. "Sahani ziko upande gani?"

"Upande nisiosimama mimi, Teague."

Alipiga. Risasi ya kwanza ilikwenda kwenye ukuta wa udongo, ya pili pia, ya tatu ikagonga sahani, nayo ikalia vizuri sana. Magazini tano, mizunguko mitano, na bunduki haikukwama hata mara moja. Kwa muda aliotumia, Orrin alishika nafasi ya mwisho kati ya watu ishirini na wawili, tena mbali na wa ishirini na moja. Nadine aliandika matokeo akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Bunduki safi kabisa. Mpigaji ni msiba."

Watu wakaja kuiona. Mmoja wao, Lyle Brandvold, muuza mbegu, aliishika magazini akaipindua. "Nina tatu za namna hii nyumbani, nilinunua wakati ule ule. Sina kazi nazo. Nikuletee?"

"Asante. Hazitaingia," Verlin alisema.

"Si ndizo hizi hizi?"

"Zako zimenyooka."

Lyle akaipindua tena magazini. Nyuma, Orrin alikuwa ameshika mbavu zake.

Jumapili, mume wa Loretta alifika na lori la kukodi. Vitu vya Orrin vilijaza robo yake. Verlin alisimama barabarani na mikono mfukoni, kisha akatoa mkono mmoja, na ndani yake kulikuwa na magazini namba 1, imefungwa kwa karatasi laini.

"Haina cha kuingia huko," alisema.

"Haijawahi kuwa nacho," Orrin alijibu. Akapanda. Lori likaondoka, na Verlin akaenda kukata nyasi zilizokuwa zimefika magotini.

Jumatatu saa nne alikuwa gereji. Jumanne pia. Bunduki ilining'inia ukutani, imekamilika, haina inalohitaji. Alipanga tupa kwa urefu, kisha kwa umri. Jumatano aliketi kwenye kiti cha shule kujua kunaonekana nini kutoka pale, akagundua kwamba kutoka pale mtu haoni benchi hata kidogo. Anaona tu uso wa anayefanya kazi.

Alhamisi Ardith alimkuta amezifungua magazini zote thelathini na tisa juu ya meza, na kando yake kipande kipya cha alumini, kizima, hakijaguswa.

"Ni nini tena hicho?"

"Koo lile lina kasoro. Nitachonga jingine, lililonyooka."

"Verlin. Si umezipinda zote?"

"Nitazinyoosha."

Ardith alizitazama zile magazini, akamtazama yeye, akaenda kumletea simu kutoka jikoni kabla hajaiomba.

Iliita mara moja tu.

"Orrin. Ile kona. Ulipoinyoosha siku ile, mpini uliupigia nje au ndani?"

Upande wa pili maji ya bwawa yalinguruma kupitia pampu.

"Kwa nini unauliza?"

"Nataka kuzinyoosha."

"Zote?"

"Zote."

"Mzee," Orrin alisema, "hiyo ni kazi ya miaka."

"Ndiyo."

"Saa nne ya kwako ni saa moja ya huku, unajua."

"Ulikuwa umelala?"

"Nilale nini, nimekaa hapa na viatu tangu kumi na moja. Haya, washa taa hiyo. Chukua namba 2. Na safari hii, mwanaume, ipime."